Deki za Mtumba Huku Keringet

Waru ikianza kutoka Keringet, hata usipoambiwa utajua. Malori zinapanga foleni kando ya barabara ya Olenguruone, na msee mwenye wiki jana alikuwa anakukopa kredo ya mbao sai anaongea kwa simu na mkono kwa mfuko. Hiyo doo ikoanga na njia zake: wengi wanaangusha nduthi, wengine wanabadilisha simu, wengine wanashuka nayo Molo Ijumaa jioni na Jumapili wanarudi na miguu. Lakini kuna kambogi ka mayut kameanza kuuliza kitu ingine kabisa. Wanataka deki. Si deki ya kucheki muvi za DJ Afro. Wanataka deki za DJ mwenyewe, zile za kuzungusha santuri, na wanazitaka za mtumba ju mpya hazishikiki.

Wacha niseme mapema venye naona, ndo usisome ukidhani huko mbele kuna habari ingine. Kaa shida yako ni kuchapa shoo ya koito, ile sherehe ya uchumba, mwezi ujao na ulipwe, hii stori ya santuri itakuchelewesha. Tafuta kontrola ya mtumba, uiunganishe na laptop ya ex-UK, ujaze ngoma, uende kazi. Pioneer DDJ-400 ilitoka 2018, DDJ-FLX4 ikachukua nafasi yake 2022, na zote unazipata kwa mkono wa pili ju watu huzinunua na moto wa siku ya kwanza, moto ukizima wanaziuza. Hakuna aibu hapo. Lakini kontrola iko na kile kitufe cha Sync: unakifinya, mashine inakulinganishia mdundo, na mtu akianzia hapo masikio yake hayaamki. Deki ya santuri haina hiyo huruma. Ama uskie, ama uchome picha mbele ya watu. Mimi nadai msee mwenye amefunzwa na deki anaweza kushika mashine yoyote, hata ya kukopa, hata kaa skrini imekufa katikati ya shoo.

Na usikubali mtu akuambie santuri ni mambo ya mababi wa Westlands. Hii milima yetu ilijua santuri kitambo sana. 1950, Hugh Tracey, yule jamaa wa kuzunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet hapo upande wa Kericho. Akarekodi madem wa Kipsigis, Chemutoi Ketienya akiwa mbele yao, wakiimba ngoma inaitwa Chemirocha. Huyo walikuwa wanaimba ni Jimmie Rodgers, staa wa kantri wa Marekani mwenye aliaga 1933. Hakuwahi kukanyaga huku. Sauti yake ndo ilifika, ndani ya gramafoni, na wasichana wakaiskia wakaamua huyu si mtu wa kawaida, lazima awe nusu mtu nusu swara. Wakamtungia yao, na chombo yao ya nyuzi. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Ketebul Music na wenzao wa Singing Wells wakarudisha hizo rekodi nyumbani, watu wa huko wakaziskia. Yule mwenye aliweka sindano chini mara ya kwanza mbele ya hao wasichana, kwangu huyo ndo DJ wa kwanza wa hii side. Wengine wote tumefuata.

Halafu kuna Chandarana. Miaka ya 70 na 80 hukuhitaji kwenda Nairobi kutoa santuri: Chandarana walikuwa hapo tu Kericho town, wanarekodi, wanatoa zile santuri ndogo za 45. Benga ya Kipsigis, benga ya Wajaluo, bendi za Kisii, zote zilipita hapo. Kaa umewahi skia wazae wakitaja Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band na macho yao yakabadilika, basi unajua ni enzi gani nasema. Kaseti ikaingia, ikaua hiyo biashara, na santuri zikapandishwa dari na magunia ya mahindi. Nyingi ziko huko mpaka leo. Kwa hivyo kabla upande mat ya Nairobi kutafuta ngoma, anza kwa kogo, shosh wako. Muulize kuna sanduku gani ya mzee hapo juu yenye hakuna mtu hufungua. Ikibidi uende Nairobi, pitia Kenyatta Market kwa Jimmy Rugami, wanamjua kaa Real Vinyl Guru. Santuri za Kenya utazipata hapo, na stori juu.

Sasa mashine yenyewe. Jina utaskia mpaka uchoke ni Technics SL-1200. Wajapani wa Matsushita waliitoa 1972 ikiwa deki ya sebuleni, ya mzae kuskiza akiwa ametulia. MaDJ ndo waligundua kitu: mota yake inazungusha sinia moja kwa moja bila mkanda, kwa hivyo ukiishika inakungoja, ukiiachilia inaamka hapo hapo. MK2 ikaja 1979 na ile slaida ndefu ya kasi, na klabu za dunia nzima zikahamia hapo. Walisimamisha kuitengeneza 2010, wakairudisha 2016. Shida ni kila msee anajua hilo jina, kwa hivyo hata ile imepigwa ikapigika inauzwa bei ya dhahabu. Na ukikutana na moja ya bei ya kutupa, jiulize imetoka kwa nyumba ya nani.

Usinunue jina. Audio-Technica, Stanton, Numark, Reloop, Pioneer, wote wametoa deki za mota ya moja kwa moja zenye zitakufunza kazi ile ile. Chenye unakataa kabisa ni deki ya mkanda, hata muuzaji aapie kwa mamake. Kuijua ni rahisi. Stima ikiwa imezimwa, inua sinia: ukiona mkanda wa raba umezunguka chini, rudisha, sema kongoi, toka. Hiyo ni ya kuskiza tu. Ukianza kuirudisha nyuma na mkono kutafuta mdundo, mkanda unanyooka na kasi inaanza kulewa.

Ukienda kucheki deki, iwe ni kwa duka Nakuru, iwe ni Luthuli Avenue Nairobi, iwe ni kwa keja ya msee mlipatana kwa Marketplace, beba santuri moja unaijua kabisa, hedifoni, na simu yenye tochi. Washa. Pembeni ya sinia kuna nukta ndogo ndogo na kataa kanazimulika. Kasi ikiwa sawa, mstari mmoja wa hizo nukta unasimama tuli kaa unaangalia picha. Zikitembea na umeweka slaida sufuri, mota iko na maneno. Sukuma slaida pole pole kutoka juu mpaka chini, uangalie kaa kuna mahali inaruka ama inalala. Halafu shika mkono wa sindano pale nyuma kwa mzizi wake, uutikise kidogo sana. Ukiskia tik tik, bearing imekwisha, na hapo hata fundi atakukula doo bure. Weka santuri, vaa hedifoni, utikise kebo za nyuma: sauti ya upande mmoja ikipotea na kurudi, hiyo si kifo, ni waya wa kulehemu, lakini ishushe bei nayo.

Sindano ya muuzaji usiihesabu. Ichukulie imekufa hata kaa inalia vizuri, ju huwezi jua imechimba santuri ngapi, na sindano iliyolika inakula santuri yako kimya kimya. Kwa hivyo uliza bei ya sindano mpya kabla hujauliza bei ya deki. Hapa kuna mtego: Shure, wenye katriji yao ya M44-7 ilipendwa na maDJ wote wa kuscratch, waliacha biashara ya sindano 2018. Mtu akikuuzia Shure mpya kabisa leo, ama ilikaa kwa stoo miaka yote hiyo, ama ni feki. Ortofon na Audio-Technica bado wanatengeneza. Anza hapo.

Kitu ingine watu hawaangaliangi ni kibandiko cha nyuma. Stima yetu ni volti 240. Deki imetoka Japan imeandikwa 100, ya Marekani 120. Uichomeke ukutani hivyo tu na utanusa moshi kabla hata hujaskia muziki. Hiyo ndo maana za ex-UK ni salama zaidi, ju Uingereza na sisi tuko stima moja, hadi plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Kaa umependa ya Japan, bajeti yako iwe na transfoma ya kushusha, na si ile ndogo ya kuchajia.

Kabla uifunge safari, toa sinia uibebe kando, toa uzani wa nyuma ya mkono, toa kichwa chenye sindano ukiweke kwa mfuko wako wa shati, na ufunge mkono kwa kile kiklipu chake. Technics moja ni zaidi ya kilo 10. Ukiiweka buti na sinia juu yake, kila bampu kutoka Molo inapiga ile mota nyundo.

Ikifika, meza. Keja nyingi za huku ni za mbao, hadi chini, na sakafu ya mbao inabeba kila hatua. Msee akiruka huku, sindano inaruka kule. Tafuta slabu ya simiti, ama kabro kadhaa uzipange, chini yake usukume sponji ya godoro nzee, deki ikae juu. Omba fundi pima maji yake. Macho usiyaamini, hii milima inafanya kila kitu kionekane kimeinama. Na spika isikae meza moja na deki hata kaa nafasi ni ndogo: besi inapita kwa mbao, inaingia kwa sindano, inarudi kwa spika kubwa zaidi, na unaanza kuskia mngurumo wenye unakua peke yake mpaka mtu azime.

Mkono ndo pahali watu huharakisha, na ndo pahali pa kutulia. Chomeka kichwa, kaza ile pete yake. Nyuma ingiza uzani. Ile namba ya anti-skate iweke sufuri kwanza. Sasa shika mkono kando ya sinia, sindano isiguse kitu, na uzungushe uzani mbele na nyuma pole pole mpaka mkono uelee: hauendi juu, haushuki, umelala sambamba na sinia na ukiupuliza unasonga kidogo halafu unatulia. Hiyo ndo sufuri ya ukweli. Bila kugusa uzani, zungusha ile pete ndogo ya namba peke yake mpaka sufuri iangalie mstari. Baada ya hapo zungusha uzani wote, pete ikifuata, mpaka ufike gramu zenye katriji yako inataka. Za DJ nyingi ni kati ya gramu 3 na 4, M44-7 ilikuwa 1.5 mpaka 3. Anti-skate irudishe kidogo, uanze kucheza. Kuna msee atakuja akuambie ubandike sarafu ya ashu juu ya kichwa ndo sindano isiruke. Mshukuru, na usimpatie deki yako. Uzito mwingi unachimba santuri, na hiyo ya Chandarana hakuna mtu ataitengeneza tena.

Kutoka nyuma ya deki kunatoka kebo mbili, nyekundu na nyeupe, na kawaya kembamba kako pekee. Hako ni ka athi. Kanaenda kwa skrubu imeandikwa GND nyuma ya mikisa. Ukikaacha kananing'inia utaskia mmmmm isiyoisha chini ya kila ngoma, na utalaumu mashine ya watu. Ikiendelea hata baada ya kukakaza, cheki soketi ya nyumba: keja mob hazina athi kabisa, waya mbili tu zimevutwa kutoka kwa jirani.

Halafu mikisa, na hii stori najua itafika mlango wako. Doo imeisha kwa deki, na kanisani kuna mikisa imelala kutoka Jumapili hadi Jumapili. Unaongea na msee wa mitambo, anakupatia. Unachomeka deki kwa laini ya kawaida, unaweka santuri, na sauti inatoka ndogo, haina besi, kaa redio imefungiwa ndani ya sufuria. Hakuna kitu kimeharibika. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na zile sauti za juu zikiwa zimeongezwa, ndo mfereji uingie kwa nafasi ndogo, na sindano inatoa umeme kidogo sana, milivolti chache tu. Mikisa ya DJ iko na mlango wa Phono wenye unairudisha besi na kuikuza sauti. Ya kanisa iko na maiki na laini, basi. Suluhisho ni kakisanduku kanaitwa prampu ya fono, kanakaa katikati. Deki zingine za siku hizi ziko nayo ndani, na kaswichi nyuma ka Phono na Line; kwa mikisa ya kanisa weka Line. Ukiweka Line na uchomeke kwa mlango wa Phono, sauti itatoka imepasuka vibaya. Rudisha mikisa Jumamosi jioni. Usifanye pasta akakujua kwa jina.

Sasa kitu chenye nilikuwa natakaga kusema toka juu. Usinunue deki mbili. Nunua moja.

Najua picha kichwani mwako ni mbili na mikisa katikati. Lakini msee anaanza na deki moja nzuri anafika mbali kuliko mwenye amegawa doo kwa mbili mbovu. Chaneli ya pili weka simu. Na zoezi la kwanza limelala kwa hizo santuri za kogo. Benga ya zamani ilikuwa ndefu, na santuri ya 45 haiwezi kubeba dakika nyingi, kwa hivyo studio ziliikata ngoma mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili nyuma. Mzae alikuwa anacheza, gita inaanza tu kuwaka, santuri inaisha, mtu anakimbia kuigeuza, watu wamesimama katikati ya sakafu wakiangaliana. Fanya hivi. Rekodi upande wa kwanza, upitishe kwa laptop kisha uuhamishe kwa simu. Geuza santuri, weka upande wa pili kwa deki. Cheza simu, na hedifoni zikiwa kwa deki, tafuta ile noti ya kwanza ya gita, shika santuri na kidole, ngoja, na upande wa kwanza ukikaribia kuisha uiachilie.

Ikiingia sawa, ile ngoma wamekata studio imekuwa nzima tena kwa mara ya kwanza, na wewe ndo umeiunganisha. Haitaingia sawa siku ya kwanza. Itaanza vizuri halafu ngoma mbili zitaanza kugongana miguu, ju wale wasee walicheza na mikono, hakukuwa na kompyuta ya kuwashikia mwendo. Wakipata moto walikuwa wanakimbia, wakichoka wanashuka. Hapo ndo slaida ya kasi inaingia. Deki nyingi zinakupa asilimia 8 juu na 8 chini: ngoma ya mapigo 110 unaweza kuisukuma mpaka karibu 119 ama uishushe mpaka 101. Ukizidi kaa asilimia 6, sauti ya mwimbaji inapanda noti nusu nzima na wazae wataskia kabla yako. Kwa hivyo ni kidogo, kidogo, sikio moja kwa hedifoni na lingine kwa chumba. Kompyuta huipenda ngoma iliyonyooka. Benga ya Kipsigis itakufunza zaidi ju haijanyooka, na ukiweza kuishika, amapiano utashika ukiwa usingizini.

Bado utataka arbantone, na hakuna mtu anaichapisha kwa santuri. Ile njia wasee wanatumia ni santuri zenye hazina muziki, ziko na mlio wa kodi tu. Serato walileta zao sokoni 2004 na Scratch Live. Laptop inasoma huo mlio na inajua umezungusha wapi na kwa kasi gani, halafu inacheza faili yako kana kwamba iko kwa santuri. Inataka kiolesura chake, na hicho pia kiko mtumba. Lakini hiyo ni ya baadaye. Mwaka wa kwanza kaa na benga.

Stima nayo. Hii side tunajua thamani yake. Faith Kipyegon amekulia Ndabibit, hapa hapa Keringet, na alipochukua dhahabu ya mita 1,500 kule Rio 2016, mzae wake ndo aliiomba serikali stima mbele ya watu, akitaka awe anacheki binti yake akikimbia. Kijiji kikawekewa baada ya hiyo medali. Siku hizi shida imebadilika: stima iko, lakini mvua ikinyesha Mau inaenda, na ikirudi inarudi na hasira. Ikipotea, chomoa mashine yote ukutani, ngoja irudi, ngoja tena dakika kadhaa, ndo uchomeke. Kikinga cha kupanda kwa stima usikichukulie mapambo. Na usiwahi kukata ule mguu wa tatu wa plagi ndo mngurumo uishe. Utaisha, lakini siku moja utaguswa na stima ukiwa umeshika maiki.

Baridi yetu pia iko na tabia yake. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na ukibeba deki na nduthi usiku kisha uiingize kwa holi imejaa watu, chuma inatoka jasho. Iache kaa nusu saa kabla uwashe. Santuri za dari nyingi utazipata na ukungu mweupe: sabuni ya vyombo kidogo, maji safi, kitambaa laini, ufuate mfereji ukizunguka, karatasi ya katikati isilowe, ukaushe kivulini. Na maji si shida, jina la Keringet liko kwa chupa hadi supamaketi za Nairobi.

Kazi ikianza kuja, itakuja kwa koito, kwa sherehe za vijana Desemba, kwa mahafali. Huko hakuna mtu atakuuliza deki ni ya mwaka gani. Wazae wanataka ile benga redio za Kass na Chamgei huwapigia, mamathe wanataka gospel, mayut wanataka arbantone, na wakwe wametoka Elburgon wanataka mugithi ya Kikuyu. Hii Kuresoi na Molo zimeona moto wa siasa, 1992 na tena 2008, na mimi nadai DJ mwenye anaweza kutoka kwa Kipchamba aingie mugithi bila mtu hata mmoja kuketi amefanyia hii side kazi kuliko mikutano mob ya amani yenye chai na mandazi. Mwenye hafla umkumbushe mambo ya leseni ya muziki, wakusanyaji wake hufika hadi huku. Kelele pia iko na sheria yake, ilitoka 2009, na kaunti ndo inatoa ruhusa. Ongea na chifu mapema. Tena Keringet hulala mapema, ju mangware wakimbiaji wako barabarani, na hutaki kuwa ule msee aliwanyima usingizi wakaenda trayoz wakiwa wamechoka.

Kwa hivyo doo ya waru ikiingia msimu huu, toa ya mbegu na mbolea kwanza, halafu deki moja na sindano mpya. Usiingie Fuliza ju ya Technics. Na kaa kwenu kuna sanduku la santuri kwa dari, usiache liuziwe msee wa skrepu kwa kilo. Lishushe wiki hii, kogo akiwa bado anaweza kukuambia ni nani anaimba.